Nyambizi ya Usangu

Mwalimu Crispin Kalinga alikuwa mtu wa Mlandege, mjini Iringa, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni ya mto, na hata hayo huyaoni mpaka uteremke bondeni. Lakini ukimpa nafasi ndogo tu, mtu huyo alikuzamisha baharini. Ungemwuliza habari za mvua, angekujibu vizuri, na kabla hujaaga angekuwa amekwisha fika kwenye nyambizi. Pale Igawa, alikopangiwa kufundisha kisomo cha watu wazima mwaka 1974, walimwita Mwalimu Nyambizi katika wiki ya pili. Hakununa. Nadhani alilipenda jina lile kuliko alilobatizwa nalo.

Sababu alikuwa nayo. Kabla ya ualimu alifanya kazi miaka saba katika meli ya mizigo, chini kabisa kwenye injini, akipaka grisi na kufuta mafuta, mpaka mvuke ulipomuunguza mkono wa kushoto akarudishwa nyumbani. Mwaka 1971 meli hiyo ilikuwa imetia nanga kwenye mto mmoja mpana huko Skotilandi. Asubuhi ya baridi alikuwa amesimama juu na kikombe cha chai, akaona kitu cheusi kinapita katikati ya mto bila moshi wala kelele. Kilichoonekana ni mgongo tu, na juu ya mgongo nundu, kama ya ng'ombe aliyezama mpaka mabegani. Baharia mmoja mzee, mwenyeji wa kule, akamwambia kwamba kile kikizama leo hakuna atakayekiona kwa miezi mitatu, hata mke wa nahodha hataambiwa kiko bahari gani. Chai ikapoa mkononi. Tangu siku ile Kalinga hakuwahi kuona kitu kingine kilichotengenezwa na binadamu akakipenda namna ile.

Darasa lake Igawa lilikuwa banda la bati kando ya barabara kuu, na kila lori la Zambia lilipopita ilibidi anyamaze mpaka vumbi litue. Wanafunzi wake wengi walikuwa wafugaji waliohama na mifugo yao kutoka kaskazini wakaja kutafuta majani ya Usangu. Mchangamfu kuliko wote alikuwa Maganga, Msukuma mrefu mwenye kikohozi na maneno mengi, aliyekuja kujifunza kuandika akiwa na mvi. Mkewe, Leokadia, alikaa nyuma kabisa, akisuka ukili, hakunyoosha mkono hata siku moja. Tena alikuwa mtoro. Kila baada ya wiki chache nafasi yake ilikuwa tupu, na ukiuliza unaambiwa kaenda msibani Chimala, au kaenda kumwona shangazi yake Rujewa, au kuna mgonjwa Ilembula. Kalinga alimkaripia mara mbili mbele ya watu. Yeye aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," akaendelea na ukili wake. Kwenye daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, Kalinga aliandika neno moja: mzito.

Mwaka ule wa 1975 ratiba ilikuwa na somo la ulinzi wa taifa, na siku ya somo hilo mkaguzi akaja kutoka Mbeya. Alikuwa Bwana Asukile, mkazi wa Iyunga, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Mwalimu mwingine angefundisha habari za mgambo na kukagua wageni kijijini, akamaliza salama. Kalinga alichukua chaki akachora nyambizi.

"Hii," alisema, "inakwenda kwa nguvu za nyuklia."

Maganga akanyoosha mkono kabla hajaitwa. "Mwalimu, kiboko wa kule Ruaha anakaa chini ya maji, lakini lazima atoe pua. Akitoa pua, mwenye bunduki anampata. Hiyo yako haitoi pua?"

"Umegusa penyewe, Mzee Maganga. Zile za dizeli ndizo viboko. Zinapanda juu kuvuta hewa, na zikipanda tu adui anaziona. Hii haihitaji kupanda. Moto wake hauli hewa, wala hauli kuni. Inachuja maji ya chumvi watu wanakunywa, inatengeneza hewa watu wanavuta. Inaweza kuzunguka dunia nzima hukohuko chini. Kinachoirudisha nyumbani ni chakula cha watu kwisha, basi."

Darasa likaguna. Mama mmoja akauliza kama humo ndani wanaoga, watu wakacheka, Kalinga naye akacheka, kisha akaendelea kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mchumba.

"Sasa faida yake kwa ulinzi. Adui yako anaweza kuijua kila kambi uliyo nayo, kila uwanja wa ndege, kila daraja. Anaweza kuvichoma vyote asubuhi moja. Lakini iko ile moja asiyojua iliko, nayo ina makombora ya kuichoma miji yake yote. Atafanyaje? Haanzi! Anabaki kwake anakunja ngumi. Silaha nyingine husifiwa siku zilipopigwa. Hii inasifiwa kwa siku zote ambazo haikupigwa."

Bwana Asukile akakohoa kidogo. "Mwalimu, nchi yetu haina chombo hicho. Tena Mbeya hapa hakuna bahari."

"Mimi ninayo," alisema Maganga.

Kicheko kilichotoka hapo kilimshtua hata dereva wa lori aliyekuwa akinunua vitunguu nje. Maganga alingoja kiishe. Alikuwa hatanii.

"Sisi kwetu Usukumani mwenye akili hafungi ng'ombe wote zizi moja. Hawa wa zizini kila mtu anawaona. Wengine unawapeleka kubilisa, kwa rafiki wa mbali. Yeye anakamua, anakunywa, ng'ombe wanabaki wako, na ndama wako. Ugonjwa ukipita kwangu, mwizi akipita kwangu, mimi sijaanguka. Na anayenitamani hajui wako wangapi, hajui wako kwa nani. Si ndiyo hiyo nyambizi yako, Mwalimu?"

Kalinga alisimama na chaki mkononi asijue aiweke wapi. Miaka minne alikuwa akiwasimulia watu kitu kile, wasomi kwa wajinga, na wote walimsikiliza kama wanavyosikiliza redio ya jirani. Huyu mchungaji alikuwa amekielewa kwa mara moja, mpaka ndani. Alitamani kumkumbatia.

"Lakini nina swali," Maganga aliendelea. "Nchi imechomwa yote. Mkuu amekufa. Yule wa chini ya maji atajuaje la kufanya?"

"Yule baharia mzee alinisimulia, mimi sikuona kwa macho, kwamba mkuu wa nchi huandika barua kwa mkono wake, ikafungwa, ikakaa ndani ya sanduku la chuma humo chomboni. Nahodha haruhusiwi kuifungua ila siku atakapohakikisha kwamba nyumbani kumekwisha. Siku hiyo isipofika, barua huchomwa bila kusomwa."

"Ndani imeandikwa nini?"

"Hakuna anayejua. Pengine piga, pengine usipige. Adui naye hajui, na ndiyo inayomnyima usingizi."

Maganga alikaa chini, akang'ata unyasi mpaka somo lilipokwisha. Bwana Asukile aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba mwalimu azingatie kilimo bora cha mpunga, akapanda gari lake akarudi zake Iyunga.

Mtihani wa kisomo ulipofika, Maganga alifaulu. Leokadia hakuufanya. Siku hiyo alikuwa Chimala.

Mwaka haujaisha, kikohozi cha Maganga kikawa kikubwa, akapelekwa hospitali Iringa. Ilikuwa likizo, Kalinga yuko kwao Mlandege, na dada yake Apolonia akampokea Leokadia nyumbani ili apate pa kupikia uji wa mgonjwa. Wiki tatu Leokadia aliishi nyumba ile, akifagia, akichota maji, akizungumza maneno yasiyojaza kiganja. Apolonia alimpenda. Kalinga alimwonea huruma. Alijua kinachomngoja mjane asiyekuwa na mtoto wa kiume, na wale watoto wake watatu walikuwa wasichana watupu, Helena mkubwa akiwa na miaka kumi na mitano.

Siku moja Maganga akamwomba bahasha na kalamu.

"Kamwene, Mwalimu," alimsalimu kwa Kihehe, kama alivyozoea kumtania, lakini sauti ilikuwa imebaki nusu. "Nataka kuandika. Usinisaidie."

Aliandika kwa siku mbili, akiziba karatasi kwa kiganja kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi imekwisha, akaifunga kwa ugali. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa zilizolala huku na huku, akamwonyesha Kalinga neno la kwanza tu, kisha akampa mkewe. Leokadia aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye pindo la khanga. Maganga alifariki Jumapili iliyofuata.

Msiba ulipomalizika, ukoo ukakaa kikao nyumbani kwa marehemu, kilomita chache kutoka Igawa. Alikuja Bujiku, mdogo wake Maganga, ambaye kwa muda wote wa ugonjwa hakuonekana Iringa hata kwa bahati mbaya. Alikuja pia Mzee Malimi, mkubwa wa ukoo, na wanaume wengine kama kumi. Kalinga aliitwa kwa kuwa kulikuwa na barua, na yeye ndiye mwalimu. Alikwenda kwa wasiwasi. Asubuhi ileile Helena alikuwa amekuja darasani kumwambia kwamba baba mdogo amekwisha peleka vyombo vyao nje ya mlango.

Ni kweli, vilikuwa nje. Sufuria, vibuyu vya maziwa, mkeka na godoro moja vilikuwa vimepangwa uani, na Leokadia amekaa kando yake kwenye kigoda, macho chini, anasuka ukili. Kalinga alipomwona hivyo alishikwa na hasira mpaka masikio yakamwasha.

"Mimi sina maneno mengi," Bujiku alisema. "Kaka amekufa, mimi ndiye mrithi. Zizi hili ni la ukoo. Shemeji atarudi kwao na watoto wake wa kike, wakiolewa mahari tutajua. Sasa wako wale ng'ombe wa kubilisa. Kaka alikuwa tajiri, sisi tunajua. Hatujui wako wapi. Mwalimu afungue barua, atusomee, tumalize."

"Labda shemeji yako anajua," alisema mtu mmoja.

Mzee Malimi akacheka kwa pua. "Tangu lini mwanamume wa Kisukuma akamwonyesha mke ng'ombe wa kubilisa? Si angetangaza kisimani."

Wanaume wakacheka. Leokadia hakuinua uso. Alitoa bahasha kwenye pindo la khanga akampa Kalinga, kwa mikono miwili, kama alivyoipokea.

Kalinga aliigeuza, na kwa mara ya kwanza akasoma yote yaliyoandikwa juu. Alisoma kimya, akarudia. Aliona banda la bati, mchoro wa chaki, na mzee mmoja anang'ata unyasi.

"Nasoma ya juu," alisema. "Maneno ni haya: Ifunguliwe siku ile mke wangu Leokadia atakapoondolewa katika nyumba hii. Siyo kabla. Maganga."

Ndama alilia zizini.

"Fungua tu," alisema Bujiku.

"Siwezi. Mwenyewe kasema siyo kabla."

"Ndani kasema nini?"

"Sijui." Kalinga angeweza kudanganya. Angeweza kutunga laana ya kuwatoa jasho, na ulimi ulimwasha. Lakini alikumbuka kwamba nguvu ya kitu kile ilikuwa katika kutojulikana, na uongo wowote ungekitoa pua nje. "Sijui, Bwana Bujiku. Aliandika akiwa ameziba kwa mkono. Hakuna ajuaye."

"Karatasi tu hiyo! Kaka hakujua kuandika."

"Alifaulu mtihani. Nilimsahihisha mwenyewe."

Mzee Malimi alikuwa amekwisha acha kucheka. Alijikuna kidevu muda mrefu. "Maganga nilimjua tangu anachunga mbuzi," alisema polepole. "Hakufanya jambo bila sababu. Sasa mimi najiuliza. Tumwondoe huyu mama, barua ifunguliwe, ndani tukute kaandika kwamba kila rafiki aliye na ng'ombe wangu, mke wangu akifukuzwa, abaki nao wawe wake. Halafu? Au tukute kawaachia serikali. Halafu? Ukoo utabaki na ng'ombe hawa wa zizini na aibu."

"Na kama imeandikwa wako wapi?" Bujiku alipaza sauti. "Si ndiyo tunayotaka?"

"Inawezekana pia," alisema Kalinga. "Kwa hiyo ni rahisi. Simama, Bwana Bujiku. Mshike shemeji yako mkono, mtoe mpaka barabarani, mbele yetu sote. Akivuka lile lango mimi nafungua. Nina wembe hapa."

Bujiku alisimama. Leokadia aliendelea kusuka. Bujiku alimtazama yeye, akaitazama bahasha, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na kila aliyemtazama aliangalia pembeni. Alisimama hapo mpaka ikawa aibu. Mwishowe akasema jua ni kali, akakaa.

Mzee Malimi akaamuru vyombo virudishwe ndani. Bujiku alipewa madume mawili asirudi mikono mitupu, na Leokadia akabaki na nyumba, zizi na watoto wake. Bahasha ikarudi kwenye pindo la khanga. Kalinga alitembea kurudi Igawa peke yake, na njia nzima alikuwa akiongea na Maganga kwa sauti, akimsifu, waliopishana naye wakadhani mwalimu ameonja kidogo.

Miaka miwili ilipita. Helena akaolewa Rujewa, kwa heshima zote. Bujiku akarudi kaskazini alikotoka, na habari zikaja kwamba amepata mifugo yake hukohuko wala hafikirii tena Usangu. Mwaka 1978 Kalinga alipata barua ya uhamisho kwenda Iringa, akaenda kumuaga Leokadia.

Alimkuta ameongeza zizi. Leokadia alimkaribisha ndani, akampa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kisha akaenda chumbani akarudi na bahasha. Ugali ulikuwa umekauka ukapasuka, lakini haikufunguka.

"Unaondoka, Mwalimu. Bujiku naye hayupo. Nataka niifungue ukiwapo."

"Kule kwenye nyambizi wangeichoma."

"Mimi mume wangu hakunipa sanduku la chuma," alisema Leokadia. Ilikuwa mara ya kwanza Kalinga kumsikia akitania.

Kalinga alinyoosha mkono aipokee amsomee. Leokadia hakumpa. Aliifungua kwa ukucha, akakunjua karatasi juu ya goti, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma. Alisoma bila kukwama, kwa sauti ya chini, vizuri kuliko wengi waliopewa cheti.

"Mama Helena. Ng'ombe unawajua wote, mmoja mmoja. Ulinisaidia kuwapeleka, na wewe ndiye uliyekwenda kuwaangalia. Sina jipya la kukuambia. Barua hii ni kwa ajili yao, wasije wakafikiri kukuuliza wewe. Kaa kimya kama ulivyozoea. Maganga."

Chimala, msibani. Rujewa, kwa shangazi. Ilembula, kwa mgonjwa. Alikumbuka nafasi ile tupu nyuma ya darasa, na yeye amesimama mbele anamkaripia mbele ya watu. Alikumbuka siku ya kikao, wanaume kumi na tatu wakiikodolea macho bahasha, na aliyekuwa na kila kitu kichwani amekaa hatua tatu kutoka kwao, anasuka ukili. Alikuwa amezunguka na hadithi ile dunia nzima, akaifundisha kwa mchoro, na ilikuwa imekaa darasani kwake mwaka mzima bila yeye kuiona. Kisha akakumbuka neno aliloliandika kwenye daftari. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake, anakwenda kulikabidhi kesho. Aibu ilimshika mpaka macho yakajaa machozi, na katikati ya aibu hiyo akaanza kucheka, hakuweza kujizuia.

"Mama Helena," alisema alipopata sauti. "Nisamehe. Nilikuandika vibaya."

"Nilijua, Mwalimu. Daftari ulikuwa ukiliacha wazi mezani. Nilisoma."

Alikunja karatasi, akaitia jikoni, ikashika moto. Wote wawili wakaitazama mpaka ikawa majivu.

"Sasa niambie mimi tu, naondoka zangu," alisema Kalinga, akifuta macho. "Wako wangapi?"

Leokadia akachukua kibuyu.

"Nikuongeze maziwa, Mwalimu?"